Mlete mtoto kwenye titi, usipeleke titi kwa mtoto

Hapa Busia, upande wa Uganda, mzazi akirudi nyumbani kutoka kujifungua, watu humjia na sabuni, sukari, kuku wa supu, na ushauri. Vile vitatu vya kwanza vina kiasi; ushauri hauna. Mmoja atamwambia ale karanga, wa pili atamletea bushera, kile kinywaji cha nafaka, na wa tatu atalitazama titi lenyewe na kutamka, "Haka kamaziwa ni maji tu, mkorogee mtoto uji mwepesi."

Mimi ni VHT kijijini kwetu, yaani wale tunaojitolea kupita nyumba kwa nyumba kwa mambo ya afya, na ni mama wa watoto wanne. Wazazi wengi wanaoniita wakilia kwamba maziwa hayatoki, maziwa wanayo. Tatizo ni mtoto hajalishika titi vizuri. Kwa hiyo sitaanzia kwenye chakula wala dawa. Naanzia mdomoni mwa mtoto, na nitarudi hapo kila mara.

Kabla ya uchungu

Ya kufanya ni machache. Usisugue chuchu kwa kitambaa ati zikomae, usizivute, wala usizipake sabuni. Vile vipele vidogo vinavyoizunguka chuchu hutoa mafuta yake vyenyewe. Sabuni huyaondoa, ngozi ikabaki kavu na rahisi kupasuka. Maji ya kuoga yanatosha. Kama chuchu zako zimelala au zimeingia ndani, mwonyeshe mkunga kliniki, lakini usijihesabu umeshindwa. Mtoto hanyonyi chuchu, ananyonya titi.

Jambo kubwa zaidi ni kupata mtu wa upande wako. Awe mume, dada, senga yaani shangazi, au mama mkwe, mweleze ukiwa bado na tumbo kwamba mtoto huyu kwa miezi 6 ya kwanza hatapewa kitu kingine, hata maji. Ukingoja mpaka siku ya tatu, umechoka, kidonda kinauma na mtoto analia, hutashinda mabishano na mtu aliyelea watoto saba.

Saa ya kwanza

Mtoto akishatoka na kufutwa, awekwe kifuani pako, ngozi kwa ngozi, kitenge kikimfunika mgongoni na kofia kichwani. Kumpima uzito kunaweza kungoja. Kumwogesha kungoje zaidi: Shirika la Afya Duniani linashauri saa 24, kwa sababu kichanga hupoteza joto upesi. Na wale wa ekyogero, yale maji ya mitishamba ya kuogeshea watoto, basi yaishie kwenye ngozi. Yasimguse ulimi hata kwa ncha ya kidole.

Mwache hapo kifuani, usimsukume. Watoto wengi hutulia kwanza, kisha huanza kulamba midomo, kunyonya kiganja, kuinua kichwa na kujisogeza kidogo kidogo kuelekea titi. Harufu ndiyo inayomwongoza. Tunachotaka ni anyonye ndani ya saa 1 tangu kuzaliwa. Ukiona mtoto amelazwa pembeni na wewe huna tatizo, mwambie tu mhudumu wa afya, "Musawo, naomba unipe mtoto nimweke kifuani." Si ukaidi, ni haki yenu wawili.

Atakaponyonya unaweza kusikia tumbo likikaza kama uchungu unarudi, hasa kama huyu si mtoto wa kwanza. Usiogope. Homoni ya oksitosini inayosukuma maziwa yatoke ndiyo hiyo hiyo inayolikaza tumbo la uzazi na kupunguza damu.

Yanayotoka siku hizo ni dang'a: mazito, ya manjano, na kidogo sana. Kidogo hicho ndicho kipimo chake. Tumbo la mtoto wa siku moja hujaa kwa kama kijiko kimoja cha chai. Dang'a lina kinga nyingi za kumlinda na maradhi, na humsaidia kutoa kile choo cheusi cha kwanza. Wapo bado wanaolikamua na kulimwaga wakisema limelala ndani ya titi miezi tisa, limeoza. Limetengenezwa kwa ajili ya siku hizo mbili tatu tu, na ukilimwaga halirudi.

Maji ya sukari, glukosi, maji ya moto, maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa: vyote hivi humjaza tumbo asitake titi, na vinaweza kumletea kuhara. Asali ni mbaya zaidi, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa botulizimu, na haifai kwa mtoto yeyote aliye chini ya mwaka 1. Kwa Waislamu wenzangu, familia inayotaka kufanya tahniki, yaani kumpaka mtoto mchanga kitu kitamu kinywani, izungumze mapema na musawo na sheikh. Kwa wanangu titi lilitangulia, na asali haikuingia nyumbani kwa sababu hiyo. Na aya ya 233 ya Sura Al-Baqara, inayotaja miaka 2 kamili ya kunyonyesha, naisoma sana kwa wale wanaotaka kumwachisha mtoto ziwa akiwa na miezi mitano.

Aliyezaa kwa oparesheni naye anyonyeshe mara anapozinduka, akisaidiwa kumshika mtoto. Maziwa yake huenda yakachelewa siku moja hivi kujaa. Mtoto aendelee tu kunyonya.

Kumpakata

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko pengine popote ninapomtembelea mzazi. Kwanza nakaa, naangalia mgongo wake. Mara nyingi namkuta ameinama juu ya mtoto kama anayepuliza jiko la mkaa, mabega yamefika masikioni, na titi amelishika kwa vidole viwili kama sigara, akilipeleka kwenye mdomo wa mtoto. Baada ya dakika kumi mgongo unauma, titi linateleza, mtoto anabaki na chuchu peke yake.

Kaa penye kiegemeo: ukutani juu ya mkeka, au kwenye kiti chenye mgongo. Kiti kikiwa kirefu, weka kitu chini ya miguu, hata jeri keni iliyolazwa. Kunja blanketi au mto uweke mapajani mpaka mtoto afikie usawa wa titi bila mkono wako kumbeba. Weka glasi ya maji karibu, maana kiu huja mara tu anapoanza kunyonya.

Sasa mtoto. Kichwa, shingo na kiwiliwili viwe kwenye mstari mmoja. Jaribu mwenyewe kunywa maji huku umegeuza shingo begani. Ndivyo anavyoteseka mtoto ambaye tumbo linatazama dari na uso unatazama titi. Tumbo lake liguse tumbo lako. Mwili wote ushikwe, siyo kichwa tu. Kisha fuata hivi:

1. Mshike mtoto kwa mkono ulio mkabala na titi analonyonya: akinyonya titi la kushoto, mkono wa kulia ndio unaobeba mgongo wake, kiganja kikiwa kati ya mabega na vidole chini ya masikio. Usimsukume kisogo. Ukikisukuma atarudisha kichwa nyuma na kulia.

2. Pua yake iwe mbele ya chuchu. Siyo mdomo, pua. Hivyo atalazimika kuinua kidevu kidogo kulitafuta titi, na kidevu kikiinuka mdomo hufunguka.

3. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, kisha ngoja. Atafungua kidogo, ngoja. Atafungua tena, ngoja bado. Unatafuta mdomo mpana kama wa mtu anayepiga miayo.

4. Ukipanuka, mlete mtoto kwenye titi kwa mwendo mmoja wa haraka, kidevu kikitangulia. Wewe usisogee. Anayekuja ni mtoto.

5. Angalia. Kidevu kimezama kwenye titi, mdomo wa chini umepinduka nje, mashavu yamejaa na hayabonyei, na ule weusi unaoizunguka chuchu unaonekana zaidi upande wa juu kuliko chini. Ataanza kwa kunyonya haraka haraka, kisha polepole kwa mivuto mirefu, na utasikia akimeza.

Ikiuma kidogo sekunde za mwanzo halafu ikaacha, endelea. Ikiendelea kuuma, ameshika chuchu. Usivumilie. Usimvute pia, utaichana. Ingiza kidole kidogo kilichooshwa pembeni mwa mdomo wake mpaka hewa iingie, aachie, mwanze upya. Mara tatu, nne, tano, si kitu. Mwanangu wa kwanza nilimvumilia siku sita kwa sababu niliambiwa kila mama hupasuka, ndiyo uzazi. Siku ya saba mkunga mmoja mzee alimsogeza mtoto yule kama upana wa vidole viwili tu, na maumivu yakakatika palepale. Nilimkasirikia kila aliyeniambia nivumilie, na hasira hiyo sijaimaliza mpaka leo.

Kuna namna nyingine za kumpakata. Mtoto chini ya kwapa, miguu ikielekea nyuma yako: nzuri kwa aliyefanyiwa oparesheni, kwa mwenye matiti makubwa, na kwa nalongo anayetaka kunyonyesha pacha wote kwa pamoja, mmoja kila kwapa. Kulala ubavu huku mtoto amelala ubavu kukuelekea: nzuri kwa usiku na kwa mwenye nyuzi zinazouma akikaa. Na kuegemea nyuma, mtoto akilala kifudifudi juu yako: nzuri kwa mwenye maziwa yanayotoka kwa kasi hadi mtoto anapaliwa. Kwa zote, sheria ya kidevu na mdomo mpana haibadiliki.

Mara ngapi

Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Hana saa, na wewe usimwekee. Mnyonyeshe anapoanza kugeuza kichwa akitafuta, kufungua mdomo, kula vidole. Kilio ni dalili ya mwisho, na anayelia kwa nguvu ulimi wake uko juu, hawezi kulishika titi. Mtulize kwanza kifuani.

Mwache amalize titi moja mpaka aliachie mwenyewe au alale mikono imelegea, kisha mpe la pili. Akikataa, wakati mwingine mtaanzia hilo. Maziwa ya mwanzoni mwa kunyonya ni mepesi, yanakata kiu. Yanavyoendelea mafuta huongezeka, na hayo ndiyo yanayomnenepesha. Anayebadilishiwa titi kila baada ya dakika tano hupata mengi ya yale mepesi. Na huyo mama aliyeambiwa maziwa yake ni maji, inawezekana aliyemwambia aliyaona ya mwanzo tu.

Mtoto wa siku chache anaweza kulala kupita kiasi, hasa mdogo au mwenye umanjano. Mpaka arudishe uzito wa kuzaliwa, mchana usimwache apitishe saa 3. Mvue nguo, mkune nyayo, mweke ngozi kwa ngozi. Akisinzia akiwa kwenye titi, libonyeze titi taratibu kwa kiganja ili maziwa yamfikie, atazinduka na kumeza.

Jioni wengi hunyonya mfululizo, anaachia, analia, anashika tena, kuanzia magharibi mpaka saa tano. Ndiyo saa ambayo mama mkwe huenda kutafuta unga wa uji. Hana njaa ya uji. Huagiza maziwa ya kesho namna hiyo, kwa sababu titi hutengeneza kwa kadiri linavyotolewa. Hutokea tena kwa nguvu mtoto anapofikisha kama wiki 2 au 3 na wiki 6, na hupita baada ya siku mbili tatu.

Usiku usiuruke. Prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, huwa juu zaidi usiku. Lala naye chini ya neti moja, kitanda kigumu, bila mito na mablanketi mengi karibu na uso wake. Usilale naye kwenye sofa, wala kitandani kama wewe au baba yake amekunywa pombe.

Siku ya tatu

Siku ya pili hadi ya nne maziwa hujaa. Matiti huwa mazito, ya moto, mishipa inaonekana, na wewe mwenyewe unaweza kulia bila sababu unayoijua. Dawa ni kunyonyesha mara nyingi. Kabla ya kunyonyesha, kitambaa cha vuguvugu kwa dakika chache. Baada ya kunyonyesha, kitambaa cha maji baridi. Kama titi limekakamaa hadi ule weusi umekuwa kama ngozi ya ngoma, mtoto hawezi kushika: bonyeza taratibu kwa ncha za vidole kuizunguka chuchu kwa dakika moja ili uvimbe urudi nyuma, au kamua kidogo, kisha mpe. Usikamue mpaka titi liwe tupu, utaliambia litengeneze zaidi.

Nitajuaje kama ameshiba?

Huwezi kuyaona maziwa yanayoingia, utahesabu yanayotoka. Choo cha siku ya kwanza ni cheusi kama lami. Kufikia siku ya tatu kinakuwa cha kijani, na kufikia siku ya nne au ya tano ni cha manjano, laini, chenye chembechembe. Mkojo: kuanzia siku ya tano au ya sita, nepi au vitambaa 6 au zaidi vilivyolowa kwa siku, na mkojo uwe mweupe. Nikiingia nyumbani kwa mzazi mimi hutazama kamba ya kuanikia kwanza, kisha ndipo namsalimia.

Uzito naye ni shahidi. Ni kawaida mtoto kupungua siku za mwanzo, lakini akipungua zaidi ya sehemu 1 kati ya 10 ya uzito aliozaliwa nao, kunyonya kwake kuangaliwe mara moja. Kabla ya wiki 2 kwisha awe amerudi alipoanzia. Kwa hiyo usikose kwenda kituoni siku ya 6 na wiki ya 6, hata kama nauli ya boda inauma. Hiyo ya wiki 6 ina chanjo pia.

Kulia peke yake si dalili ya njaa. Wala matiti kulegea baada ya mwezi si dalili kwamba yamekauka, yamezoea tu. Wala kukamua na kupata vijiko viwili. Mtoto hukamua kuliko mkono wowote. Mtoto akikojoa vizuri na kuongezeka uzito, maziwa yanatosha. Kama hakojoi wala haongezeki, rudi kwenye kumpakata, ongeza mara za kunyonya, mpeleke kituoni musawo amwone akinyonya, na amwangalie chini ya ulimi, kwani wengine wana kiuzi kifupi kinachozuia ulimi kutoka nje.

Chakula? Kula. Mama anayenyonyesha anahitaji kama mlo mmoja wa ziada kwa siku. Katogo ya matoke na karanga, posho na maharage, dagaa wa mukene, mboga za dodo na nakati, yai likipatikana, papai, embe. Uji wa mtama na bushera isiyochachuka ni vizuri kwa sababu vinakupa nguvu na maji. Ila supu ya kongoro pekee haitengenezi maziwa kama mtoto hajanyonya. Nimeona wazazi wakinywa sufuria nzima huku mtoto amebebwa na shangazi nje asiwasumbue. Na ajon au malwa, ambayo huku kwetu wengine humpa mzazi ili maziwa yashuke, hufanya kinyume: pombe huzuia oksitosini na humfikia mtoto ndani ya maziwa.

Maji pia hapewi, hata Februari jua likiwaka. Maziwa ya mama yenyewe ni maji kwa zaidi ya sehemu 8 kati ya 10. Siku ya joto mnyonyeshe zaidi, unywe wewe.

Chuchu kupasuka, titi kuvimba

Chuchu iliyopasuka hupona mtoto akishika vizuri, hakuna mafuta yanayotibu mshiko mbaya. Baada ya kunyonyesha kamua matone machache, yapake, acha yakauke kwa hewa. Anzia upande usiouma sana. Zikiwa za pinki, zinawasha na kuchoma hata baada ya kunyonyesha, na mtoto ana utando mweupe mdomoni usiofutika, huo ni ukungu: mtibiwe nyote wawili kwa pamoja, la sivyo mtaambukizana kila siku.

Sehemu ya titi ikiwa ngumu, nyekundu au yenye kung'aa, ya moto, na mwili una homa kama malaria, endelea kunyonyesha upande huo huo. Maziwa hayajaharibika. Ukiacha, titi linazidi kujaa na linaweza kugeuka jipu. Kitambaa baridi, panadol, kupumzika, na usilikande kama unga wa chapati, utalijeruhi ndani. Homa isipopungua ndani ya siku 1, au ikiwa kali tangu mwanzo, nenda kituoni upimwe malaria na upewe dawa za kuua vijidudu ambazo zinafaa kwa anayenyonyesha.

Ukirudi sokoni au kazini

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama likizo ya siku 60 za kazi yenye mshahara kamili, na baba siku 4. Mwenye meza ya nyanya pale mpakani hajiandikii likizo, najua. Wengi wetu tunarudi mtoto akiwa na wiki sita, mgongoni. Kama unaweza kwenda naye, nenda naye. Kama huwezi, jifunze kukamua kwa mkono wiki moja au mbili kabla.

Osha mikono kwa sabuni. Chukua kikombe chenye mdomo mpana kilichochemshwa. Weka dole gumba juu na kidole cha shahada chini, mbali kidogo na chuchu, pale weusi unapoishia. Sukuma vidole nyuma kuelekea mbavu, kisha vibane pamoja, kisha achia. Sukuma, bana, achia. Usiteleze vidole juu ya ngozi wala kuvuta chuchu. Dakika ya kwanza haitatoka kitu. Endelea, mfikirie mtoto, nusa nguo yake. Yakipungua, zungusha vidole upande mwingine.

Nyumbani mwetu kwa joto hili maziwa yaliyofunikwa yatumiwe ndani ya saa 4. Kwenye friji, siku 4. Yakitengana na mafuta kuelea juu hayajaharibika, yatikise taratibu. Usiyachemshe, weka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto.

Apewe kwa kikombe, si kwa chupa. Chuchu ya chupa ni ngumu kuosha, hubeba kuhara, na humfundisha mtoto kushika kwa mdomo mdogo. Anayemlisha amkalishe wima mapajani, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, maziwa yafike mdomoni bila kumwagwa. Mtoto atayalamba mwenyewe. Hata aliyezaliwa kabla ya wakati huweza.

Kama unaishi na virusi vya UKIMWI

Nyonyesha. Meza ARV zako, dawa za kupunguza makali ya virusi, kila siku bila kuruka, mtoto apewe dawa ya kumkinga, nevirapini ya maji, kuanzia kuzaliwa kwa wiki utakazoelezwa, na apelekwe kupimwa afikapo kama wiki 6. Kwa miezi 6 ni titi peke yake: kuchanganya titi na uji au maziwa mengine mapema ndiko kunakoongeza hatari, kwa sababu huumiza utumbo wake. Chuchu ikipasuka au titi likivimba, usingoje, nenda kliniki yako siku hiyo hiyo. Ni lini uache kunyonyesha mtapanga na musawo wa ARV, siyo na jirani.

Usisubiri asubuhi

Mtoto aliyeacha kunyonya au amelegea haamki. Aliye wa moto, joto 37.5 na zaidi, au wa baridi hata baada ya kuwekwa kifuani. Anayepumua haraka au kifua kinabonyea. Degedege. Umanjano ulioanza ndani ya siku ya kwanza, au uliofika viganjani na nyayoni. Kitovu chenye usaha au wekundu unaosambaa. Saa nyingi bila mkojo. Kwa yoyote kati ya haya, ita boda, mfunge kifuani ngozi kwa ngozi, na mnyonyeshe njiani kama anaweza kumeza.

Na wewe: damu inayolowesha kitambaa kizima kwa saa moja, kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, homa, au huzuni isiyoondoka baada ya wiki 2. Mzazi akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kutolala kabisa, au kumwogopa mtoto wake, watu wa huku husema ni amakiro na kuanza kuuliza alitembea na nani. Ni ugonjwa wa baada ya uzazi, una matibabu hospitalini. Mpelekeni usiku huo, asiachwe peke yake na mtoto, na aliyeanza kuuliza maswali hayo apewe kazi ya kubeba begi.